Zaburi iliyokuwa saa: uchambuzi wa kisa cha mkunga mstaafu na kitabu cha maisha yake

Kisa hiki kinahusu kitabu kidogo cha maisha ya mkunga mmoja wa Nile Magharibi, Uganda, na makosa niliyofanya nikimsaidia kukiandika. Amekubali nikieleze kwa ajili ya wanaoandika maisha ya wazee wao: walimu, vijana wa kanisa, wajukuu wenye simu ya kurekodi. Jina lake, kijiji chake, kituo alichofanyia kazi na mambo mengine ya kumtambulisha yameondolewa au kubadilishwa. Hapa tutamwita Mama N.

Usuli

Mama N. alizaliwa katikati ya miaka ya 1950 katika laini za polisi, yaani nyumba za kambi yao, mbali na kwao. Baba yake alikuwa konstebo Mlugbara aliyehamishwa kila baada ya miaka michache. Tangu siku za King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari Uganda, kwa hiyo watoto wa kambini walikicheza uwanjani kabla ya kukijua vizuri Kilugbara cha babu zao. Kwake yeye Kiswahili ni lugha ya mama yake akimwita kuoga, na ni lugha ya sala ya kwanza aliyoijua kwa moyo. Jambo hili litarudi.

Alisomea ukunga katika shule ya misheni miaka ya 1970, akaolewa na mwalimu wa shule ya msingi, wakarudi kuishi upande wa Arua. Idi Amin alikuwa mtu wa Nile Magharibi, na alipong'olewa Aprili 1979 mkoa mzima ulibebeshwa mzigo wake. Oktoba 1980 waliokuwa askari wake walivuka mpaka na kushambulia. Jeshi jipya, UNLA, likalipiza kisasi kwa raia. Watu walikimbia kwa maelfu kuelekea Sudan na Zaire, yaani Kongo ya leo. Mama N. alivukia Zaire, upande wa Aru, akiwa na watoto wadogo. Mumewe hakufika.

Alikaa huko hadi 1987. Aliporudi aliajiriwa katika kituo cha afya cha serikali akazalisha wanawake hadi alipofikisha miaka 60, umri wa kustaafu kwa watumishi wa umma. Hakukaa sana. Julai 2016 vita vilizuka upya Juba, Sudan Kusini, Agosti makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi yakafunguliwa wilayani Yumbe, na kufikia mwisho wa mwaka watu zaidi ya 250,000 walikuwa wamepokelewa pale. Mama N. alichukua mkoba wake wa zamani akaenda kujitolea, kwa muda wa karibu mwaka mmoja.

Mjukuu wake ndiye aliyeanzisha habari ya kitabu. Alikuta daftari kabatini lenye kurasa 43 zilizojaa mwandiko wa bibi yake, kwa Kiswahili, kwa mtindo wa ushuhuda wa kanisani: Bwana alitenda, Bwana akafungua njia, Bwana hakuniacha. Familia ikaniomba nisaidie.

Miezi ya kwanza

Tulipatana nimtembelee kila Jumanne alasiri, nirekodi kwa simu, niandike usiku. Nilianza kwa kuligawa daftari mafungu mawili kichwani mwangu, upande huu matukio, upande ule mahubiri. Matukio niliyafuata kwa maswali. Mahubiri niliyapigia mstari wa penseli ili yatolewe. Niliona ni kazi ya kawaida ya mhariri, kwa sababu msomaji akikutana na "Bwana akafungua njia" katika kila ukurasa atachoka kabla ya kufika mpakani.

Kazi ya tarehe ilitupa shida ambayo sasa naiona kuwa sehemu bora ya miezi ile. Mama N. alisema walikimbia mwaka wa uchaguzi, yaani 1980. Shemeji yake, aliyekimbia naye, alisema hapana, walikimbia mwaka wa Ombaci. Alimaanisha tarehe 24 Juni 1981, askari walipowaua watu waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua. Walibishana mbele yangu, kila mmoja na hakika yake, nami nikaamini kwamba mmoja wao amesahau. Kilichotuokoa ni mtoto. Katika maelezo ya Mama N., mtoto wake mdogo alikuwa mgongoni. Katika maelezo ya shemeji, mtoto huyohuyo alitembea, akalia njaa, akanyamazishwa kwa kipande cha muhogo mbichi. Wote wawili walikuwa sahihi. Walikimbia Oktoba 1980, wakarudi kimya kimya kuvuna mihogo na kuangalia nyumba, wakakimbia tena katikati ya 1981. Miaka mingi ilikuwa imezishona safari mbili zikawa moja.

Tarehe ya kurudi ilipatikana kwa namna hiyohiyo. "Tulirudi pesa zikibadilishwa," alisema. Hiyo ni Mei 1987, serikali ilipofuta sifuri mbili kwenye shilingi na kukata asilimia 30 ya fedha zilizobadilishwa. Noti alizozishona kwenye pindo la kitenge tangu safari ya kwanza zilikuwa zimebaki kuwa karatasi tu. Bado anazo mbili.

Kikao cha tano

Katika safari ya pili walisimamishwa kwenye kizuizi cha askari. Walikuwa wanawake na watoto. Mama N. alijifanya hajui Kiswahili, kwa sababu mwanamke wa Nile Magharibi anayekizungumza sawasawa angeweza kudhaniwa ni mke au binti wa askari wa Amin. Alisimama na uso wa mtu asiyeelewa, huku akisikia kila neno ambalo askari wale waliambiana kuhusu yeye na wenzake. Baadaye waliachwa wapite.

Aliponisimulia hayo mara ya kwanza aliruka maneno yenyewe. Wiki iliyofuata nilimrudisha palepale. Walisema nini hasa, Mama? Akajibu nusu. Kikao cha tano nikauliza tena, nikijiambia kwamba huo ni uaminifu kwa historia, kwamba mashahidi wanazeeka na maneno yatapotea nao. Nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba hapo ndipo penye kilele cha kitabu.

Mama N. aliinuka, akabandika birika jikoni, hakurudi kwenye kiti. Nilingoja, nikaaga, nikaondoka. Usiku ule shinikizo la damu lilimpanda. Asubuhi binti yake alinipigia simu kwa sauti ya upole iliyoniumiza kuliko ambavyo ukali ungeniumiza: "Mwalimu, tafadhali usije Jumanne."

Hatukuonana kwa wiki saba.

Swali nyuma ya karatasi

Katika wiki hizo nilichapa kurasa 20 za mwanzo kutoka katika daftari na rekodi, safi, bila mahubiri, nikampelekea kwa mkono wa binti yake kama namna ya kuomba radhi. Zilirudi baada ya siku chache. Hakuwa amesahihisha chochote isipokuwa sura ya kambini Zaire, na hapo aliandika sentensi moja nyuma ya karatasi: "Mwanangu, hapa nilipimaje uchungu?"

Sikuelewa. Nilimwomba mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama wa kanisani kwao anisindikize, nikaenda kuomba msamaha na kuuliza maana ya swali lile. Alinielekeza nifungue daftari lake ukurasa fulani. Palikuwa na sentensi niliyoipigia mstari wa penseli: "Nilisoma Zaburi ya 121 na Bwana akanisaidia kujua saa." Nilikuwa nimeisoma kama ushuhuda wa kawaida, Mungu hujua saa, majira ni yake. Nikaikata.

Kumbe alikuwa akieleza kazi. Saa yake ya mkononi aliiuza soko la Ariwara mwezi wa kwanza wa ukimbizi, kwa chumvi na unga wa muhogo. Mkunga asiye na saa hawezi kujua uchungu unakuja kila baada ya dakika ngapi, na bila kujua hilo hajui kama mama huyu atajifungua sasa au alfajiri, kama aendelee kungoja au watafutwe wanaume wa machela. Basi alitumia zaburi. "Nitayainua macho yangu niitazame milima, msaada wangu utatoka wapi?" Aliisema yote, aya nane, polepole, kwa mwendo ambao haubadiliki, mwendo aliofundishwa na mama yake katika laini za polisi. Kwa mwendo huo zaburi nzima huchukua karibu dakika moja. Zikiingia zaburi kumi kati ya uchungu na uchungu, muda upo, mama atembee. Zikiingia tatu, maji yachemshwe. Zikiingia mbili, mwanamke asiachwe peke yake hata kidogo.

Mtoto akishatoka alianza upya. Alikuwa na kibuyu kikavu na maharage kwenye mfuko wa nguo. Kila zaburi moja ikiisha, harage moja linaingia kibuyuni. Kondo la nyuma lisipotoka hadi maharage 30, huyo ni wa hospitali, hata kama ni usiku, hata kama njia haijulikani. Wanawake waliomsaidia walijua hesabu hiyo. Walijifunza zaburi ili wampokee akichoka.

Nilikaa pale na penseli yangu mkononi. Nilikuwa nimemtolea saa yake.

Maamuzi tuliyofanya, na sababu zake

Kuanzia siku ile tulipitia daftari lote upya tukiwa na swali moja kwa kila sala: mikono ilikuwa ikifanya nini wakati huo? Mara nyingi lilikuwapo jibu. "Bwana akafungua njia" katika ukurasa mmoja ilikuwa mwanamke Mkongo aliyemruhusu alale katika ghala la mahindi na kumfundisha maneno ya Kilingala ya sokoni, ili asipunjwe. Katika ukurasa mwingine ilikuwa mvua iliyofuta nyayo. Sala hizo zilirudishwa mahali pake, ndani ya tukio, kwa maneno yake. Zile zisizokuwa na jibu nilimwachia yeye. Kadhaa alizitoa mwenyewe, akisema hizo aliandika kwa sababu ndivyo shuhuda zinavyoandikwa. Moja alikataa kuitoa ingawa haikuwa na mikono wala tukio: "Sikujua nifanye nini, nikalia mbele za Mungu mpaka asubuhi." Imebaki hivyohivyo katika kitabu, katika ukurasa wa peke yake.

Kuhusu kizuizi, tulikubaliana kwamba yeye ndiye mwenye maneno yale. Katika kitabu aliweka sentensi moja tu: "Walisema kwa Kiswahili, nami Kiswahili nilikijua." Sijawahi kuandika wala kusoma sentensi inayosimama imara zaidi ya hiyo, na naamini kama ningepata nilichokuwa nikikidai, isingezaliwa. Tulibadilisha pia utaratibu wa vikao. Yeye ndiye anachagua habari ya siku. Saa moja basi. Birika likibandikwa, kikao kimekwisha, na kabla ya kuagana tunazungumza habari za leo, mbegu za simsim, bei ya sukari, ili nisimwache peke yake mwaka 1981.

Lugha ilikuwa na ubishi wake. Wajukuu walitaka Kiingereza ili wenzao wa Kampala wasome. Binti yake alikipinga Kiswahili kwa sababu ambayo Waganda wengi wataielewa: kwa kizazi kizima cha nchi hii, Kiswahili ni lugha iliyoamrisha watu walale chini. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na walioporwa barabarani waliporwa kwa lugha hiyo. Kwamba marekebisho ya katiba ya 2005 yamekifanya lugha rasmi ya pili hakufuti kumbukumbu hizo. Mama N. alimsikiliza binti yake hadi mwisho. Kisha akasema kwamba Kiswahili kilikuwa cha mama yake kabla hakijawa cha wale askari, na kwamba zaburi haipimi dakika sawasawa kwa Kiingereza. Kitabu kikaandikwa kwa Kiswahili, na sura ya utoto ikatafsiriwa Kilugbara mwishoni, kwa ajili ya ukoo.

Lililobaki ni watu wengine. Maisha ya mkunga yamejaa siri za wanawake wengine, na hilo sikulifikiria vya kutosha mwanzoni. Kurasa sita za daftari zilihusu msichana mmoja na mimba aliyokuja nayo kambini. Zilikuwa kurasa nzito na zenye huruma kuu. Msichana yule sasa ni mama mtu mzima, anaishi, ana watoto, na hakuombwa. Zilitolewa zote, kubadilisha jina lake kusingetosha, kwa kuwa waliokuwa kambini wangemtambua kwa tukio lenyewe. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 kwa kawaida inadai idhini ya mtu kabla habari zake hazijatumiwa, na ni vizuri kuijua, ila Mama N. alikuwa na sheria ya zamani zaidi: anachokiona mkunga chumbani hakitoki mlangoni.

Habari ya mabati tuliitendea tofauti. Jirani aliyebaki nyuma alikuwa ameezua nyumba yao, na Mama N. aliandika hivyo kwa uchungu wa miaka mingi. Kabla ya kuchapa tulikwenda kwa familia hiyo. Mzee wao akaeleza kwamba mabati waliyaezua na kuyafukia ili askari wasiyachukue, kisha wakauza machache walipokosa chumvi, na mengine yakaoza ardhini. Mama N. hakusema kama aliamini. Alisema andika na hilo. Sasa ukurasa huo una kauli mbili, bila jina la yeyote.

Matokeo

Kitabu kilichapishwa nakala 80 katika duka la uchapaji mjini, kwa michango ya wana wa ukoo na ya kanisa. Kina kurasa 96. Kilisomwa kwa sauti nyumbani kwake kwa jioni tatu, sura moja baada ya nyingine. Wauguzi wawili vijana waliofanya naye kazi Bidi Bidi walikuja. Walimkumbuka akiwa na maharage mfukoni hata pale penye saa ukutani, ila hawakuwahi kujua sababu yake.

Yalikuwapo pia mabaya. Picha moja ya 2016 ilionyesha akina mama wakingoja chini ya turubai, na mmoja wao alionekana uso wazi. Tulikuwa tumefunika majina yote kwenye maandishi, tukasahau kwamba picha nayo inasema. Jamaa wa mama huyo aliona kitabu akatuambia. Nakala zilizokuwa bado hazijagawiwa tulizitoa ukurasa huo; 23 zilikuwa zimeshakwenda, na tulizifuata nyumba kwa nyumba kwa bodaboda. Tulizirudisha 19. Nne hatujui ziliko.

Uchambuzi

Kosa la penseli lilitokana na mazoea yangu ya kusoma. Nimekulia katika shule inayoweka imani upande mmoja na ukweli wa mambo upande wa pili, kwa hiyo nilipoona neno Bwana niliacha kuuliza maswali. Neno "kambi" nililiulizia maswali kumi: ilikuwa wapi, maji yalitoka wapi, nani aligawa chakula. Sala sikuiulizia hata moja. Kwa watu waliopita katika mateso wakiwa na imani, sala mara nyingi ni tendo lenye mahali na muda wake, na msaidizi akiuliza ilisemwa wapi, kwa sauti au kimya, nani alisikia, ilikatizwa na nini, atapata habari ambazo swali la moja kwa moja kuhusu mateso halizitoi. Sura ya kambini ndiyo bora katika kitabu chote, na karibu yote ilitoka nyuma ya sentensi niliyoikata.

Kosa la kikao cha tano ni la aina nyingine, na silitetei. Nilikuwa nikitafuta kitabu cha usiku mmoja. Mama N. alikuwa na kitabu cha miaka ya kuzalisha, ambamo usiku ule ulikuwa ukurasa mmoja, na kila swali langu lilimvuta atoke kwenye kazi yake arudi kwenye kizuizi. Ishara zilikuwepo kabla ya birika: majibu yalifupika, alianza kukunja na kukunjua leso, alisema "tuache hilo" mara mbili kwenye rekodi, na nikisikiliza sasa najisikia nikiendelea kuuliza. Ilinipasa kuwa na mtu wa familia aliyekaa nasi tangu kikao cha kwanza, na kumwambia Mama N. siku ya kwanza kabisa kwamba kusimamisha ni haki yake isiyohitaji sababu. Utaratibu tuliouweka baadaye ulifanya kazi, lakini uliwekwa baada ya mtu kuumia.

Kazi ya tarehe ilifanikiwa kwa sababu hatukumchagua mshindi kati ya mashahidi wawili. Uchaguzi, Ombaci, mabadiliko ya fedha, mtoto mgongoni, mtoto anayetembea: kila kimoja kilikuwa kigingi, na kamba ilipofungwa kwenye vyote ndipo safari mbili zilipoonekana. Kwa wazee wa Nile Magharibi nashauri kuanza na vigingi hivyo kabla ya kuuliza mwaka.

Kwenda kwa familia ya jirani kulifaa pia, ingawa kulichelewesha kazi miezi miwili na kungeweza kuharibika. Tulikwenda na mzee wa kanisa anayeheshimiwa na pande zote, tukasoma ukurasa wenyewe badala ya kueleza kilichomo. Sidhani nyumba hizo mbili zimepatana. Wanasalimiana.

Juu ya picha sina la kujitetea. Tangu hapo, picha naipitisha kwa mtu wa tatu asiyejua kisa, naye huulizwa anamwona nani.

Rekodi bado hazijapata makao. Zote ziko kwenye flashi moja, kikao cha tano kikiwemo, pamoja na sehemu aliyojibu nusu. Nilifuta nakala zangu mbele yake, kwa ombi lake. Flashi ameiweka kwenye kopo la maziwa ya unga chumbani, pamoja na noti mbili za zamani na kibuyu, na ufunguo wa kabati anao binti yake.